Mfuatano Unaokatika kwenye 9999
Mpigapicha anayenasa mwendo wa vivuli kwenye nguzo za Isimila, Iringa, au wa mawingu juu ya Mlima Rungwe, Mbeya, kwa picha moja kila baada ya sekunde kadhaa, hutegemea programu ya kuhariri video izisome kama mfuatano, yaani faili zenye jina moja na namba zinazopanda. Kamera nyingi zikifika 9999 huanza tena 0001, na programu, ambayo huangalia namba wala haiangalii saa, huukata mfuatano hapo au huitanguliza jioni mbele ya asubuhi. Dawa ni kuzipa faili majina mapya ya tarakimu tano kwa kufuata saa ya kupigwa. Kasi ya video nayo ikaguliwe, kwani picha 1,500 hutoa sekunde 60 kwa fremu 25 kila sekunde, lakini 50 tu kwa fremu 30.