Mwenye sakoidosisi asisubiri jicho limuume

Na Mwanaidi Shekue

Sakoidosisi hujulikana zaidi kwa kushambulia mapafu na tezi, na ndiyo maana macho husahaulika. Seli za kinga hujikusanya na kuota vijivimbe vidogo mno, kwenye ngozi, ini, moyo, hata ndani ya jicho. Chanzo chake bado hakijulikani. Lakini angalau robo ya wagonjwa huguswa macho, na si habari mpya: tangu 1909 daktari wa Denmark, Christian Heerfordt, alieleza wagonjwa wenye homa, tezi za mate zilizovimba na macho yenye uvimbe wa ndani.

Uvimbe huo wa ndani ya jicho huitwa uveitisi. Ikishika mbele ya jicho, utaijua: jicho jekundu, linauma, halitaki mwanga. Huyo atakwenda hospitali mwenyewe. Ninayemhofia ni yule aliyeshikwa nyuma ya jicho. Hasikii maumivu, anaona vidoa vikielea na ukungu ukizidi, anasema ni umri. Akija kupimwa, tayari ana mtoto wa jicho, presha ya macho, au retina imejaa maji katikati.

Kwetu kuna tatizo jingine. Picha ya kifua ya sakoidosisi hufanana sana na ya TB, na TB ndiyo tuliyoizoea. Mgonjwa huweza kuanzishiwa vidonge vya TB ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Kati ya vidonge hivyo kuna ethambutoli, ambayo mara chache hudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Mwenye TB asiache dawa kwa kusoma haya, TB inaua. Ila ambaye vimelea havikuonekana na miezi inapita bila nafuu, ana haki ya kuuliza, na kukatwa kinyama kikapimwe.

Tena matone ya steroidi yasinunuliwe kiholela dukani. Ndiyo tiba ya uveitisi ya mbele ya jicho, kweli, lakini bila daktari kufuatilia, hayo hayo hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Madaktari wa kifua, siku mnapomwambia mtu ana sakoidosisi, mpeni barua ya kliniki ya macho siku hiyo hiyo, hata kama anaona vizuri, akapanuliwe mboni na kukaguliwa hadi nyuma. Na wewe ambaye jicho jekundu linaondoka na kurudi, huenda ni sakoidosisi; mwombe daktari wako akupige picha ya kifua.