Lenzi Pana na Amana ya Chumba



Wasomaji wetu wapenzi, dada mmoja aliyeanza kazi ya kupiga picha katika shughuli za wanawake ametuuliza anunue lenzi gani ya pili. Hii aliyo nayo, asema, humlazimu kuegemea ukuta, na bado nusu ya jamaa hubaki nje ya picha.

Kasoro si yake, ni ya chumba. Nyumba zetu za kale za mawe, Lamu na Mombasa, ziliezekwa dari za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, upana wake kwa kawaida ukiwa mita 3 au pungufu. Mpiga picha akisimama mita 2.5 kutoka kwa bibi harusi, lenzi ya milimita 50 humpa upana wa mita 1.8 tu: bibi harusi, mama yake na dada mmoja. Ya milimita 35 humpa mita 2.6 hivi, na ya milimita 24 humpa mita 3.75.

Hesabu hiyo ni ya kamera yenye kihisi kikubwa, cha milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo zaidi, na kwazo lenzi ya milimita 16 ndiyo ifanyayo kazi ya ile ya 24. Basi aichunguze kamera yake kabla hajatoa pesa.

Nasi twampendekezea lenzi pana isiyovuta, yenye kipimo kimoja tu. Kwanza, nyingi katika hizo zina tundu kubwa. Tundu la f/1.8 hupitisha mwangaza takriban mara nne ya lile la f/3.5, lililo la kawaida katika lenzi zinazouzwa pamoja na kamera. Usiku wa hina, penye taa moja, tofauti hiyo huepusha picha yenye ukungu, wala wageni hawachomwi macho kwa fleshi. Pili, lenzi isiyovuta humfunza mtu kutumia miguu yake: akitaka karibu, asogee.

Lakini lenzi hii ina tabia zake. Uso ulio ukingoni hupanuka, na mkono uliotangulizwa mbele huwa kama wa jitu. Kwa hivyo bibi zetu wasipangwe mwishoni mwa safu, wala bibi harusi asisogelewe mno. Kamera ishikwe wima, usawa wa vifua vya walioketi. Ikiinamishwa, kuta na milango huonekana kama inaanguka. Na safu zikiwa mbili, tundu lipunguzwe hadi f/4 au f/5.6, ili walio nyuma nao waonekane vyema.

La mwisho ndilo zito. Lenzi pana huona hata usichokikusudia. Sisi wenyewe tuliwahi kupiga picha ya mikono ya bibi harusi yenye hina, tukaituma kwa jamaa kabla ya kuitazama vyema. Ukingoni alikuwapo mama mmoja aliyevua mtandio wake, akiwa ametulia miongoni mwa wanawake wenzake. Picha ilikwisha kufika kwenye simu za wanaume. Tulikwenda kwake kumwomba radhi, naye akatusamehe. Lakini picha iliyokwisha kutumwa hairudi.

Tangu siku hiyo tuna desturi tatu. Twaomba idhini ya mwenye shughuli na ya waliomo chumbani kabla ya kutoa kamera. Kabla ya kubonyeza, twazungusha macho kwenye pembe nne za picha. Na hakuna picha itokayo kabla hatujaikagua, na wenyewe kuiridhia.

Dada yetu, aliyekuita chumbani mwa wanawake amekukabidhi amana kubwa kuliko kamera yako. Chagua lenzi itakayowakusanya jamaa wote, kisha uwe mlinzi wa kila iliyemwona. Mwenyezi Mungu akubariki katika kazi yako.

Wabillahi tawfiq.