Mlezi wa mtoto mwenye ulemavu atapumzika lini?

Shule zifungwapo mwezi wa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, wanafunzi hushangilia na walimu huvuta pumzi. Zipo nyumba, hata hivyo, ambamo kufungwa kwa shule ndiko mwanzo wa kazi. Ni nyumba za wazazi ambao watoto wao husoma na kulala katika shule maalumu za bweni, kama Sahajanand ya Mtwapa au ile ya Port Reitz, Mombasa. Mabweni hayo yalijengwa kwa ajili ya elimu, wala hakuna aliyefikiria kuwapumzisha wazazi. Lakini kwa kuwa katika pwani ya Kilifi na Malindi ni nadra kupata mahali pengine, yamekuwa ndiyo mapumziko ya pekee ya mama ambaye mwanawe huhitaji kuinuliwa, kulishwa na kuoshwa. Itakumbukwa kwamba shule zote zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Januari 2021. Kwa mama huyo, hiyo ilikuwa zamu moja ya miezi tisa, usiku na mchana.

Na huyo ana nafuu, maana mtoto wake angalau amepata shule. Wenye ulemavu mkali zaidi aghalabu hawapokelewi popote.

Idadi yao si ndogo. Utafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wa umri wa miaka 6 hadi 9, watoto 61 walikuwa na kasoro za neva za wastani au kali. Kifafa ndicho kilichoongoza. Sababu za kasoro kama hizi twazifahamu: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na homa ya manjano ya vichanga isiyotibiwa mapema. Watoto waliochunguzwa wakati ule sasa ni watu wazima. Mama zao wamezeeka wakiwabeba.

Hebu tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa wengi huizungumzia bila kuijua. Mtoto wa miaka 14 asiyeweza kusimama huenda ana uzito wa kilo 35, na lazima ainuliwe mara kadhaa kwa siku. Kumlisha uji bila kumpalia kwaweza kuchukua saa nzima. Kifafa hakichagui saa, basi mlezi hulala jicho moja likiwa wazi. Huko Ganze na Magarini, kiangazi kikizidi, maji huwa mbali, na mtoto asiyetembea habebeki pamoja na mtungi. Mama ana njia tatu tu: asiende kuteka maji, amfungie mtoto ndani, au ambakize nyumbani dada yake mdogo amwangalie. Walimu wanaosoma makala haya wanamjua dada huyo. Jina lake limo katika sajili, na mbele yake pana alama nyingi za kutokuwapo. Pengine ameitwa mtoro, kumbe naye ni mlezi.

Kila mara redio zinapotangaza kwamba mtoto mwenye ulemavu amepatikana amefungwa kamba au amefungiwa chumbani, umma hupaza sauti kumlaani mzazi. Kumfunga mtoto ni ukatili, na sheria haina budi kumlinda. Lakini asiulizwe mzazi peke yake. Aulizwe pia mwenye dhamana ya huduma za jamii: mwanamke huyu angemwacha wapi mwanawe kwa saa tatu?

Zamani jibu lilikuwa jamaa. Katika mji wa Kimijikenda, bibi, shangazi na wake wenza waligawana ulezi. Leo vijana wametawanyika Mtwapa, Mombasa na Ghuba kutafuta riziki, na vikongwe wenyewe, katika baadhi ya vijiji vya kaunti hii, wanaishi kwa hofu ya kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Hata hivyo, haja ya kupokezana haijafa. Utafiti kuhusu wazazi wa watoto wenye usonji katika pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, ulitaja mapumziko ya mlezi miongoni mwa njia wanazotumia kustahimili, pamoja na sala na uangalifu wa chakula. Kwa maneno mengine, wananchi wameshaigundua dawa hii wenyewe. Inayokosekana ni dawa yenyewe kwa wale wasio na jamaa.

Wengi hudhani kwamba hii ni fadhila ya kuombwa kwa wafadhili. La hasha. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 28 cha Mkataba huo kinazitaka serikali zizisaidie familia maskini kubeba gharama zitokanazo na ulemavu, na kati ya misaada hiyo kinataja waziwazi malezi ya kumpumzisha mlezi. Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinasema mkataba uliokwisha kuridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Na wakubwa wa kaunti wasijitetee kwamba jambo hili ni la Nairobi, kwani Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi kaunti, pamoja na elimu ya chekechea, vituo vya kulelea watoto.

Msaada uliopo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo Serikali Kuu huzipa baadhi ya kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali. Fedha hizo hununua unga na sabuni. Hazinunui usingizi.

Huko Uingereza, kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2011 zinazitaka mamlaka za mitaa ziwe na huduma za kuwapumzisha walezi wa watoto wenye ulemavu, mchana na usiku, wikendi na wakati wa likizo za shule. Ataniambia mtu kwamba Uingereza ni tajiri. Kweli, lakini sisi nasi tuna vitanda. Malindi ni mji ambao maisha yake ni kulaza wageni. Miezi ya masika vyumba vingi vya hoteli za ufuoni hubaki vitupu, na mtu wa kutoka Milano akija, hapati shida ya malazi. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu bado hajapona.

Sisemi watoto wapelekwe hotelini, wala sishauri jumba jipya lijengwe, likatwe utepe, kisha likose wahudumu. Ukanda huu umeona makao mengi ya watoto yaliyoanzishwa kwa nia njema, ambamo mtoto huingia kwa wiki akakaa miaka. Ndiyo maana Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unakusudia kuwarudisha watoto katika familia. Mapumziko ya mlezi hayapingani na mkakati huo, bali ndiyo yatakayoufanikisha, kwa kuwa mama aliyechoka kupita kiasi ndiye hatimaye humtoa mwanawe.

Yawezekana kuanza kwa mabweni ya shule maalumu wakati wa likizo, ambayo tayari yana vitanda, jiko na watumishi wanaowajua watoto. Itabidi kaunti ipatane na Wizara ya Elimu, yenye dhamana ya shule hizo. Mimi napendelea zaidi familia chache katika kila wadi, zilizochunguzwa, zikafunzwa na kulipwa, kila moja ikimpokea mtoto mmoja kwa siku mbili tatu, na siku ya kurudi ikiwa imeandikwa kabla hajaondoka kwao. Njia hii itawafaa hata watu wazima, ambao bweni la shule haliwahusu. Naye anayepelekwa aulizwe kwanza kama anapenda kwenda, na kwa nani. Ukaguzi wa ghafla uwepo, maana mtoto asiyeweza kusema ni rahisi kudhulumiwa.

Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 kila mwaka, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla ya bajeti kupitishwa. Walimu wanazo sajili zenye majina ya wasichana wanaobaki nyumbani. Nakala za sajili hizo, majina yakiwa yamefichwa, zingetosha kuwa hoja ya kwanza mezani.