Samaki si Mfagiaji

Wafuga samaki wa Ulaya na Marekani wana mazoea ya kuwapanga samaki wao kama watumishi wa nyumba. Samaki alaye mwani humwita mfanya usafi. Na bleni, samaki mdogo wa baharini akwanguaye mawe, wamempa jina la mashine ya kukatia majani. Majina hayo yamekwisha kubisha hodi katika Kiswahili kwa sura ya neno "mfagiaji", na yafaa yakataliwe mlangoni kabla hayajapewa kiti. Kosa lake si la lugha tu. Neno hilo huua samaki.

Namna liuavyo ni hii. Mtu hununua tangi la vioo, hulijaza maji ya chumvi, huwasha taa. Baada ya majuma machache mawe na vioo huvaa utando wa kijani. Mwenye tangi huona haya mbele ya wageni, akaenda dukani kutaka mfagiaji, naye huuziwa bleni. Bleni hukwangua usiku haujaingia, hukwangua kesho yake, na vioo hung'aa. Mwenye tangi hufurahi. Kisha tumbo la samaki hubonyea, mgongo huchongoka, na asubuhi moja hukutwa amekufa nyuma ya jiwe, ndani ya tangi lililo safi kuliko yote mtaani. Hakuugua. Ameajiriwa kazi ambayo mwisho wake ni njaa, maana alichoitiwa kukiondoa ndicho kilichokuwa chakula chake.

Bleni huyo, ambaye wataalamu humwita Salarias fasciatus, si mgeni kwetu. Hupatikana toka Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hata visiwa vya Samoa. Meno yake ni membamba na mengi kama ya kitana. Wachunguzi wa miamba ya Australia wameonyesha kwamba bleni wa ukoo huo humeza, pamoja na mwani, vumbi laini la viumbe lililotua juu yake. Yaani jiwe alilalo ni sahani yenye vyakula vingi, wala si sakafu chafu. Kioo kipya cha dukani hakina sahani hiyo.

Lakini atakaye kuuona upotovu wa neno "mfagiaji" kwa ukamilifu wake, na aiache bahari, asafiri zaidi ya kilomita 900 kwenda bara, mpaka Kabwe. Kabwe ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa. Atokaye Sumbawanga hupita juu ya uwanda wa Ufipa hata Namanyere, kisha nchi huporomoka kufuata ukingo wa bonde la ufa mpaka majini. (Sikio lililozoea lugha za Kibantu husikia katika jina la Kabwe mzizi wa jiwe, na kiambishi cha udogo mbele yake.) Maji ya huko hayana chumvi ya bahari, walakini ziwa lenyewe lina sura ya bahari kiasi cha kumdanganya mtaalamu. Mwaka 1903 Mwingereza J. E. S. Moore alitoa kitabu kizima, The Tanganyika Problem, akidai kuwa ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale, kwa kuwa alikuta humo konokono wenye magamba mazito kama ya pwani, na yavuyavu. Waliomfuata waliikataa hoja yake. Viumbe hao hawakurithi sura hiyo kutoka baharini.

Miongoni mwao wamo samaki wa jenasi ya Eretmodus, walioishi kama bleni pasipo kuwa na undugu naye wa karibu. Hukaa katika maji ya kina kifupi, mahali mawimbi yapigapo mawe. Kibofu chao cha hewa kimepungua, basi hawaelei, bali hurukaruka chini na kujishikiza kwa mapezi ya tumbo. Mume na mke huishi wawili wawili. Mke huanza kuatamia mayai kinywani, na kabla kazi haijaisha humkabidhi mume, naye huimalizia. Ni mfagiaji gani huyu?

Tena kuna Tropheus, ambaye wapenzi wa matangi humtafuta kwa rangi zake. Kila dume hulinda eneo lake la mwamba kama mtu alindavyo shamba. Jike akikaribia kutaga huingia katika shamba hilo, akala mwani wake kwa siku nyingi chini ya ulinzi wa mwenyewe, mpaka apate nguvu ya kutoa mayai machache makubwa, ambayo mara nyingi hayafiki 20. Huyaatamia kinywani yapata mwezi. Mwaka 1990 Wajapani Yanagisawa na Sato waliandika jambo la kustaajabisha: mama huyo, kinywa kimejaa makinda, huendelea kukwangua mwani, na chakula kile huliwa na makinda yaliyo ndani. Mwani huo ndio maziwa. Na huu ndio mwani ambao mwenye tangi auona kuwa ni aibu ya nyumba!

Watetezi wa neno hili husema kwamba kusafisha ni tabia ya samaki, basi kuna ubaya gani kumwita kwa tabia yake? Ng'ombe naye hula majani, wala hakuna mfugaji, Ufipa au kwingineko, amwitaye ng'ombe mfagiaji wa uwanja. Kwani ajua kwamba majani yakiisha hana budi kumtafutia malisho. Jina "mfagiaji" humwondolea mwenye tangi wajibu huo. Husemwa pia kwamba ndani ya vioo samaki yu salama na kuhe na nyavu. Yu salama kweli, kama mfungwa katika gereza lisilo na jiko. Wengine, wakiona Tropheus amekonda, humpa minyoo na nyama ya moyo wa ng'ombe. Na wafugaji wenye uzoefu wanajua yafuatayo: utumbo wa samaki huyo, ulio mrefu kwa ajili ya mwani, haupatani na nyama, tumbo huvimba, naye hufa akiwa ameshiba.

Hoja yenye uzito ni ya riziki. Mpiga mbizi akamataye samaki hai hulisha watoto wake, na asiyeweza kumpa kazi nyingine hana haki ya kumlaumu. Lakini hesabu ifanywe mpaka mwisho. Tropheus hathubutu kuvuka mchanga mpana wala maji ya kina kirefu, basi kila ufuko wa mawe una watu wake, na rangi yake. Mwaka 1992 Sturmbauer na Meyer walionyesha katika jarida la Nature jinsi makundi hayo yalivyotengana kwa muda mrefu katika nasaba, ijapokuwa maumbo yao yamebaki karibu yale yale. Mwamba ukipunguziwa samaki wake, mwamba wa jirani hauwezi kuuletea wengine upesi. Duka liuzalo "mfagiaji" hujipatia mnunuzi wa kudumu, maana kila afaye hufuatwa na mwingine. Faida hubaki dukani, na deni hulipwa na jiwe la Nkasi.

Na majina? Ikola, Kipili, Utinta, Maswa: majina ya vijiji hivi yamekuwa majina ya samaki katika orodha za wauzaji wa Ulaya. Mfugaji wa mbali huyatamka kwa heshima. Katika Kiswahili samaki hao wote hurundikwa katika kapu moja la "samaki wa mapambo", na sasa walao mwani watolewe humo wakapewe ufagio. Watunga kamusi wasikae mjini kubuni. Wavuvi wa Kabwe na Kirando waulizwe kwanza huwaitaje samaki wa mawe. Ambaye huishi nao ndiye mwenye haki ya kuwataja.

Ama mwenye tangi, dawa yake ni rahisi na haiuzwi. Atie mawe katika ndoo za maji, ayaweke juani mpaka yaote mwani, na kila jiwe litakalokwanguliwa ndani ya tangi libadilishwe na lililoota nje. Ajifunze kuulisha utando ule kabla ya kumleta aulaye, iwe ni bleni wa bahari au samaki wa ziwa. Na muuza samaki, akijiwa na mteja anayetaka mfagiaji, asiulize tangi lake ni la lita ngapi kabla hajamwambia: nionyeshe mawe yako.