Gazeti la Shule Halimpotezei Mtoto Masomo

Ndugu zetu wazazi wa Kabezi! Tumechoka kusikia kwamba gazeti la shule linampotezea mtoto wakati. Wakati upi? Ule wa kukaa barabarani?

Mwanafunzi akitaka kuandika kwa nini ndagala zimepanda bei, lazima ashuke mwaloni, aulize wavuvi na akina mama wauzaji, apige hesabu, kisha kurasa tatu azifupishe ziwe moja. Hiyo ni hesabu na Kifaransa kwa pamoja. Na wenzake wakimuuliza "nani kakwambia?", anajifunza lile lile tunalosomesha madrasani katika isnadi.

Wala si jambo geni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa kule Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah 1932, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alianza kwenye jarida la shule yake, Alliance.

Wapo wanaoandika masengenyo, hatukatai. Basi mwalimu asimamie, si baba kuchana karatasi! Sisi tumeshasogeza darsa la Alhamisi jioni, watoto wawahi kikao cha gazeti.