Nani Asiyejiweza?

Liko neno katika vitabu vya shule, katika hotuba za wakubwa na katika barua za kuomba misaada, ambalo walimu wengi wa Kiswahili wamelipokea bila kulikagua. Neno hilo ni wasiojiweza. Asiyeona, asiyesikia, aliyekatwa mguu, aliyepooza mkono, mwenye akili iendayo polepole, wote hutiwa katika gunia hili moja na mdomo wa gunia ukafungwa. Twasema waziwazi tangu hapa mwanzo kwamba neno hili, likifanywa jina la watu, ni uongo, na mwalimu alifundishaye hivyo anafundisha uongo kwa chaki ya serikali.

Asili ya neno si mbaya. Mtu wa pwani akisema "siwezi" ana maana kwamba hana afya siku ile, na "fulani hajiwezi" husemwa juu ya mtu aliyelazwa na homa kali, ambaye kesho keshokutwa huenda akaamka na kuomba uji. Ni hali, nayo hupita. Ofisi ndizo zilizoichukua hali hiyo ya kitandani zikaifanya cheo cha maisha. Tangu hapo mtu aliyezaliwa haoni, mwenye afya kama jiwe la mto, akawa mgonjwa wa milele kwa kalamu ya karani.

Na aje karani huyo Ajia, katika Vurra, wilaya ya Arua. Asije kwenye mkutano wa hadhara, maana huko atapewa kiti na soda. Aje wakati wa kupalilia mihogo. Atamkuta mama ambaye mguu wake ulinyauka kwa ugonjwa wa kupooza tangu utotoni. Hupalilia akiwa ameketi juu ya kipande cha gunia, akimaliza hatua moja hujisogeza kwa mikono, na jioni mstari wake umefika mwisho wa shamba kama mistari ya wenzake. Atamkuta mzee asiyeona akisokota kamba za kufungia mbuzi, na wenye macho wakija kuzinunua. Twauliza: katika hao wawili, yupi asiyejiweza?

Yako mambo yanayowashinda, hatukatai. Kisima cha pampu kimejengewa ukuta mfupi wa saruji ili ng'ombe wasikanyage maji. Ng'ombe wamezuiwa, na mwenye kutembea kwa magongo amezuiwa pamoja nao. Choo cha shimo kinamtaka mtu achutame, na asiyeweza kuchutama huingia kwa viganja vyake katika sakafu ambayo wenzake wameikanyaga kwa viatu. Zahanati huita wagonjwa kwa sauti. Kiziwi aliyefika alfajiri hukaa mpaka saa nane mchana, jina lake likiwa limekwisha kuitwa na kupitwa. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu akifika na ndugu yake nyuma, mganga humtazama yule ndugu na kumwuliza, "Mgonjwa wako anaumwa nini?" Hili la mwisho halihitaji saruji wala fedha za wafadhili kulirekebisha, na ndilo linalouma kuliko yote.

Ukitaka ushahidi wa mbali zaidi, tazama mpaka wa Goma na Gisenyi, kati ya Kongo na Rwanda. Hapo watu wasioweza kutembea wamekuwa wakivusha magunia ya vyakula juu ya baiskeli zao kubwa za magurudumu matatu, mizigo ambayo mtu wa miguu miwili asingeithubutu. Biashara yao ina wasukumaji wa kulipwa, wenye miguu mizima. Basi nani anamwajiri nani?

Wapo watakaotujibu kwa methali, kwa kuwa walimu wa lugha hatukosi methali. Watasema kwamba Kiswahili kimekwisha kuwatetea hawa kwa kusema "Mcheka kilema hafi bila kumfika." Sisi hatuipendi sana methali hii, ingawa imo katika kila mkusanyo. Inamwogofya mchekaji kwa adhabu, yaani inauchukua ulemavu kuwa fimbo ya Mungu. Iliyo bora ni fupi zaidi: "Hujafa hujaumbika." Hii haimtishi mtu, yasema tu kwamba umbo la binadamu halijakamilika hata siku yake ya mwisho. Watu wa West Nile hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Waliokimbilia Zaire na Sudan mwaka 1979 na 1980 wapo waliorudi bila viungo walivyoondoka navyo. Katika miaka ya 1990, wakati wa uasi, mabomu yalitegwa ardhini katika njia za huku, na mkulima aliyetoka asubuhi na jembe alirudi akibebwa. Kabla ya hapo na baada yake, usubi, yule inzi mdogo mweusi azaliwaye katika maji yaendayo kasi, alikuwa akiwatia watu upofu kando ya mito. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika Uganda watu 12.4 kwa mia wa umri wa miaka 2 na zaidi wana ulemavu. Darasa la wanafunzi 80, basi, si ajabu likiwa nao wanane au zaidi. Kama huwaoni darasani mwako, uliza wamefichwa nyumba gani.

Hapa yafaa tutoe neno juu ya ngeli, kwa sababu limezuka dai ambalo nalo halina miguu. Wengine hudai kwamba kipofu, kiziwi na kiwete ni matusi kwa kuwa yamo katika ngeli ya vitu, ya kiti na kisu. Lakini kiongozi yumo humo, na kijana, na kipenzi. Nao wote hupatanishwa kwa a- na wa-: kiongozi amekuja, kiziwi amekuja. Sarufi imewapa utu sawasawa. Aliyewanyima ni msemaji. Ndiyo maana hatusemi mwalimu ajitungie orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Awaulize wenyewe. Viziwi wa Tanzania walipounda chama walikiita Chama cha Viziwi, wala hawakuliona neno hilo kuwa fedheha; bali "bubu" wanalikataa, kwa sababu wana lugha, tena lugha kamili ya mikono. Wengine wamechagua kuitwa wasioona. Kila kundi lina haki ya kujiita.

Sheria haikosi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yataja haki na heshima ya watu wenye ulemavu katika ibara ya 35, na yaagiza lugha ya alama iendelezwe. Kila baraza la serikali za mitaa hutakiwa kuwa na wajumbe wawili wenye ulemavu, mmoja wao mwanamke. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia bungeni na kusema kwa mikono yake, wakalimani wakiwatumikia wenye masikio. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, iliagizwa kwamba mtoto mwenye ulemavu atangulizwe miongoni mwa watoto wa nyumba. Agizo lilikuwa jema. Ila lilimfikisha mtoto mlangoni, na ndani ya mlango ndimo tulimo sisi.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia, na tunashangilia bado. Huku kwetu Kiswahili kilikuja kwa buti, katika vikosi vya askari wa kikoloni. Mwaka 1973 kikatangazwa lugha ya taifa kwa amri ya mwanajeshi. Wazee wengi wa Arua na Koboko wangali wakikisikia kama sauti ya kizuizi cha barabarani. Sasa kinarudi kwa kalamu, nasi twataka kijue kumkaribisha kila mtoto. Lakini fungua mpango wa kipindi cha kawaida: mazungumzo, kusikiliza, kusoma kwa sauti, imla. Mtoto kiziwi hupewa sufuri katika imla kila wiki, si kwa kuwa hajui tahajia, bali kwa kuwa amepimwa masikio. Mpe picha aziandikie sentensi, na umsahihishe upatanisho wa kisarufi kama wengine, tena kwa ukali uleule. Asiyeona naye huketi mbele, akariri, asifiwe kwa kumbukumbu yake nzuri, kisha amalize mwaka hajasoma hata ukurasa mmoja kwa vidole vyake mwenyewe.

Kwa hiyo tunawataka walimu wenzetu wa Ajia, wa Koboko na kwingineko wahesabu, kabla ya muhula ujao, wanafunzi wao wasioona na walio viziwi, pamoja na wale walio nyumbani ambao wangekuwa shuleni, na kuleta hesabu hiyo katika mkutano wa chama. Tutaipeleka kwa wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili tukiwa na swali moja: vitabu hivyohivyo, katika nukta nundu, vitafika lini Arua, na nani atalipia?