Mzee si wa Kukalishwa Motoni

Iko desturi moja hapa Ufipa ambayo haitupendezi hata kidogo. Mtu akipita miaka 60, watoto wake humnyang'anya jembe, humvika koti zito kwa ajili ya baridi ya nyanda hizi, kisha humkalisha jikoni karibu na moto tangu asubuhi hata jioni. Wao wasema ndiyo heshima. Sisi twasema ni kumzika mtu kabla ya siku yake.

Mguu usiotembea hudhoofika, na mzee aliyedhoofika miguu huanguka. Shirika la Afya Duniani lashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kila juma, na siku 3 za mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, kila mtu kwa kadiri awezavyo. Hayo hayahitaji uwanja wala viatu vya fedha nyingi. Kwenda sokoni na kurudi kwatosha kuwa mwanzo.

Hatusemi mzee alime intumba. Kukata majani na kuyafukia chini ya tuta la udongo mzito ni kazi ya vijana. Lakini nani ajuaye zaidi jinsi ya kulipanga tuta lile ili majani yaoze yawe mbolea isiyonunuliwa dukani? Basi na aje shambani atuonyeshe, achague mbegu ya ulezi, apepete maharage, apalilie bustani.

Tena liko jambo zito zaidi. Bibi aketiye peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni, ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole mtoto wa jirani akifa. Wazee wengi wa nchi hii, hasa wanawake, wameuawa kwa shutuma za namna hiyo. Jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Halikutuagiza kutupa wazee! Bibi anayeonekana mkutanoni kila juma ana watu wa kumtetea.

Unguja na Pemba, tangu mwaka 2016, serikali huwapa pensheni wazee wote waliofika miaka 70. Ni jambo jema, nasi twatamani lienee bara. Lakini shilingi haizungumzi na mtu jioni.

Vijana wenzetu, tukumbuke kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa na miaka 32 TANU ilipozaliwa mwaka 1954, naye hakuona haya kutafuta shauri kwa wazee wa Dar es Salaam. Sisi ni nani hata tuone haya?

Twataka kila tawi liwe na orodha ya wazee wake, litume kijana kumsindikiza asiyeweza kufika mkutanoni peke yake, na limpe nafasi ya kusema kabla yetu. Kazi hiyo haingoji fedha wala amri kutoka juu. Ianze juma hili.